Mpini Uliobaki Mweupe

Jakarta, 4 Februari 1996

Mbah wangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Habari za hapa njema. Raketi mbili zinakuja na basi la Ijumaa. Kondakta ni yuleyule mwenye jino la dhahabu, nimemsihi asizilalie kama mara ile. Moja imekatika uzi, nyingine imelegea. Naomba uzifunge kwa ratili hamsini na nne, zote mbili.

Wiki hii nimeshinda mechi tatu, nimeshindwa moja. Aliyenishinda ni Yulce, msichana wa Manado ninayekaa naye chumba kimoja, na tangu siku hiyo sina raha. Kukicha tu ananiuliza, "Bibi Java, umeamka salama? Au hata kuamka umekuwa wa pili?" Anakula pilipili tangu kifungua kinywa. Nadhani ndiyo siri ya mpira wake.

Mbah, siwezi kutulia. Tuko wasichana sita kwenye kambi hii ya tenisi, na kocha wetu, Pak Hutagaol, ametuambia bila kuzunguka kwamba tarehe kumi mwezi wa sita kuna michuano ya kufuzu. Wawili watakaofika mbali kuliko wenzao watabaki, wapelekwe Bangkok na Manila kucheza kama wachezaji wa kulipwa. Wanne watafunga mizigo. Yeye ni wa kabila la Wabatak, hajui kupaka maneno sukari. "Sikuja kulea," alisema. "Nimekuja kuchuja." Kwa hiyo nikikaa chini naona dakika zinanikimbia. Wenzangu wakienda kuoga, mimi napiga mpira ukutani mpaka mlinzi aje na funguo.

Maana nikirudi mwezi wa saba, nitarudi wapi? Shule nimeiacha. Na mlangoni atakuwa amesimama Ibu na neno lake moja: "Nilijua." Mwambie huyo mama yangu namsalimu, kama anataka kusalimiwa.

Mjukuu wako,
Wening


Pedan, Klaten, 13 Februari 1996

Nduk Wening, mjukuu wangu,

Huku sote wazima. Mvua haijakatika, bata wa jirani wanaogelea hadi jikoni kwetu. Raketi zimefika, zimefungwa, na zinarudi kwako kwa basi hilohilo.

Nina ombi. Uzi ukikatika, usimruhusu mtu yeyote huko akate nyuzi zilizobaki. Niletee raketi kama ilivyo, na kitambaa cha mpini usikibandue. Najua utasema Mbah ameanza mambo yake. Lakini nimefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja, na sijapata kuona daftari la mwanafunzi linaloeleza ukweli kama raketi iliyotumika. Mpira unapogonga, nyuzi husuguana, na zinapokutana panachimbika kijishimo. Vijishimo hivyo vikikusanyika katikati, mahali penye ukubwa wa yai la bata, mchezaji anauona mpira vizuri. Vikitawanyika, akili yake iko kwingine. Vya kwako viko katikati. Nimefurahi.

Mpini nao una habari zake. Wewe unapiga pigo la upande wa kushoto kwa mikono miwili, kama nilivyokufundisha kwenye uwanja wa kiwanda cha sukari: mkono wa kulia chini, wa kushoto juu yake. Kwa hiyo kile kitambaa cheupe kimekuwa cheusi kwa jasho kote, juu na chini. Hivyo ndivyo kinavyotakiwa kuwa.

Mama yako amepata kazi kubwa ya lurik, vitambaa vya sare za shule moja ya Solo. Kitanda chake cha kufumia kinagonga toka asubuhi. Salamu zako nimezifikisha. Naye akaniuliza kama huko mnalala na vyandarua.

Babu yako,
Pratikno


Surabaya, 17 Machi 1996

Mbah wangu,

Habari njema. Tumekuja kucheza Surabaya, nimefika fainali! Nimeshindwa, lakini nimefika. Jua la huku linakaanga ubongo.

Raketi za safari hii umezifunga vizuri kuliko zote ulizowahi kunifungia. Nilizigonga kwa kiganja, zikatoa mlio mmoja zote mbili, kama vile zimezaliwa pamoja. Hata Pak Hutagaol alizichukua akazipima kwa kidole. "Nani huyu?" akauliza. Nikamwambia ni babu yangu. "Mwambie aache kuzeeka," akasema.

Ila, Mbah, mbona siku hizi unaandika herufi kubwa kama za ubaoni? Maneno ya kurasa mbili unayaeneza kurasa tano. Yulce anauliza kama babu yangu anadhani sisi vipofu.

Sasa raketi hizohizo nazirudisha kwa basi, naomba tushuke hadi ratili arobaini na nane. Mipira ya huku ni mizito. Usiniulize mengi, wewe nifungie tu.

Bado siwezi kukaa. Jana kwenye treni nilisimama kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho na viti vilikuwepo.

Wening


Pedan, 28 Machi 1996

Nduk,

Sifa zako kwa fundi wa raketi zilisomwa kwa sauti hapa nyumbani. Kitanda cha kufumia kilinyamaza kidogo, kisha kikaendelea.

Kuhusu herufi, nina kalamu mpya, nene. Mwambie Yulce kwamba mwalimu mstaafu huona ubao kila mahali.

Sasa nitakuuliza mengi, kwa sababu ulinikataza. Mtu huomba nyuzi zilegezwe ama mpira ukiwa hauendi, ama mtikisiko ukiwa unamuumiza. Nyuzi zilizokazwa hurudisha kishindo mkononi. Zilizolegea hukimeza. Mipira ya Surabaya na ya Jakarta hutoka kiwanda kimoja, jina limeandikwa juu ya kopo. Haiwezi kuwa mizito upande mmoja wa kisiwa.

Tena kuna mpini. Sehemu ya chini ni nyeusi kama kawaida. Sehemu ya juu ni nyeupe, kama kitambaa kilivyotoka dukani. Ni wiki tano za kucheza kila siku. Mkono wako wa kushoto ulikuwa wapi?

Babu yako


Jakarta, 9 Aprili 1996

Mbah,

Habari njema kabisa. Mkono wa kushoto upo, umeungana na bega. Pak Hutagaol amenibadilisha mtindo, sasa pigo la kushoto napiga kwa mkono mmoja, kwa kukata mpira. Halafu kile kitambaa nilikuwa nimekibadilisha juzi tu kabla sijazituma.

Nina haraka, tunaenda kukimbia. Raketi mbili nyingine zinakuja baada ya wiki mbili.

Wening


Pedan, 30 Aprili 1996

Nduk,

Umenipa sababu mbili. Darasani nilikuwa nikipewa sababu moja, nasikiliza. Nikipewa mbili, naomba daftari. Kama kitambaa kilikuwa kipya, basi na sehemu ya chini ingekuwa nyeupe. Na kama kocha amekubadilisha mtindo, usingehitaji kitambaa kipya ili kunieleza.

Raketi zimefika. Safari hii sehemu ya juu ya mpini ni chafu. Nimefurahi kwa nusu dakika. Jasho, Nduk, huingia ndani ya kitambaa, hukikausha, huacha alama za vidole. Uchafu huu wa hapa umekaa juu juu, ukiupuliza unaruka, na rangi yake ni nyekundu. Ni udongo wa uwanja. Umeupaka.

Sikuudhika. Nilicheka, kisha sikucheka tena. Sisi watu wa Java tumelelewa hivi: mtu akiwa mbali na kwao asiwatwishe wenzake mzigo, akiulizwa habari aseme njema, hata paa likiwa linawaka juu yake. Mimi ndiye niliyekufundisha adabu hiyo, pamoja na namna ya kushika raketi. La pili nilikufundisha vizuri. La kwanza, nikiliwaza siku hizi, natembea humu ndani toka ukumbini hadi kisimani, nikifika kisimani narudi.

Raketi nimezilegeza kama ulivyotaka. Nieleze.

Babu yako


Jakarta, 14 Mei 1996

Kwa Mbah wa Wening,

Samahani, mimi ni Yulce. Hatujuani, lakini nakujua kwa herufi zako kubwa. Sisi wa Manado hatujui kuzunguka, kwa hiyo naandika moja kwa moja.

Kifundo cha mkono wake wa kushoto kimeharibika tangu mwezi wa pili. Alianguka Alhamisi moja akifuata mpira ambao ulikuwa nje kwa mita nzima. Hata mimi nilimwambia auache. Nilimpeleka kwa dakta wa mtaani kwa siri. Dakta alisema kano limechanika kidogo. Apumzike wiki sita akiwa amefungwa plasta, litaunga. Akiendelea kupiga, litakatika lote, na hapo atahitaji kupasuliwa na hata baada ya kupasuliwa hakuna ahadi. Yeye anafunga bandeji, anaifunika na ile mikanda ya jasho. Kocha anaamini kweli kwamba msichana huyu anapenda kukata mpira kwa mkono mmoja.

Asubuhi nachana nywele zake mimi. Hawezi.

Mimi nashindania nafasi hiihii, nikinyamaza ndiyo faida yangu. Lakini nataka nimshinde akiwa mzima, ili nimcheke vizuri. Msimwambie nimesema.

Yulce Mandagi


Jakarta, 27 Mei 1996

Mbah,

Sawa. Niliupaka udongo. Nilipaka nikiwa nimekaa chooni ili Yulce asinione. Na mkono unauma. Sasa umefurahi?

Lakini na mimi nina swali, mwalimu. Jana uzi ulikatika, na kwa mara ya kwanza nikatii agizo lako, nikakaa nikaitazama raketi badala ya kuitupa. Nikatazama pale nyuzi zinapofungiwa pembeni mwa fremu. Fundo lako nalijua toka nina miaka saba: unazungusha mara mbili, unakata mkia, kijisehemu kinabaki kimesimama kama sikio la panya. Hili si lako. Mkia umepindwa, ukarudishwa ndani, ukabanwa kwa tone la nta. Mtu mmoja tu ndiye anayefunga hivyo, ili uzi wa lurik ukiunganishwa fundo lisionekane upande wa mbele wa kitambaa. Nimelala chini ya kile kitanda cha kufumia utoto wangu wote, nikiyatazama mafundo hayo kutoka chini.

Nikachukua raketi zote nne. Zote. Tangu mwezi wa pili.

Halafu nikakumbuka herufi zako. Kalamu nene! Mbah, macho yako yamekuwaje? Na nani anakusomea barua zangu?

Ulinidai ukweli mimi, na wewe huku unaandika "sote wazima."

Zimebaki wiki mbili. Leo natuma raketi mbili ambazo nitachezea tarehe kumi. Zilegezwe hadi arobaini na tano. Nitacheza. Nikishafuzu nitapumzika. Mechi tatu tu. Siwezi kukaa tena nikisubiri, Mbah, nahisi miguu yangu inaungua.

Wening


Pedan, 2 Juni 1996

Wening,

Ni mama yako. Mimi si mtu wa kuandika, utanivumilia.

Jicho la kulia la Mbah lilifunikwa na ukungu tangu mwezi wa kumi na mbili, na la kushoto likafuata. Alinikataza kukuambia. Anaandika mwenyewe, lakini kusoma hawezi. Barua zako zote nimezisoma mimi, kwa sauti, pamoja na ile ya "kama anataka kusalimiwa." Hiyo nilimsomea mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka.

Alinifundisha kufunga raketi kwa maneno, mimi nikaweka mikono. Si kazi ngeni kwangu. Nyuzi ni nyuzi. Mpini mweupe niliuona mimi. Udongo niliupuliza mimi.

Ulipotoka hapa nilisema usiniandikie. Nilikuwa na hasira, nikafikiri hasira itaisha kabla ya basi kufika Semarang. Haikuisha, halafu ilipoisha nikaona haya kuanza. Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nisikilize. Ninapofuma, nikihisi uzi mmoja umeanza kuchanika, nasimamisha kitanda palepale. Hata mwenye sare awe amekaa mlangoni akipiga miguu chini. Nikiuacha, hautakatika hapo. Utakatika mbele, nao utavuta na jirani zake, na kitambaa kizima kitakuwa cha kupangusia meza. Mbah naye nimemwambia hivyohivyo. Tumegombana, majirani wamesikia. Amekubali kwenda hospitali Yogyakarta wapasue ule ukungu, kwa sharti moja: wewe uwe umesimama, usicheze. Amesema hataki kufumbua macho akute mjukuu ana mkono mmoja.

Raketi zako ndizo hizi kwenye gunia. Nimekata nyuzi zote na sikuweka nyingine. Mafundi wa raketi huko Jakarta ni wengi, ukitaka, mlango wao utaujua. Uwanja unaufahamu wewe. Mimi sikuambii urudi nyumbani. Ila siwezi kukaza kwa mikono yangu kitu kitakachokuvunja.

Ukirudi, hutasikia lile neno moja mlangoni. Nimelitupa.

Ibu


Jakarta, 6 Juni 1996

Ibu,

Habari si njema. Naanza hivyo kwa makusudi.

Nilipofungua gunia nilikasirika mpaka nikalia. Nilizibeba fremu hadi kwa fundi aliye nyuma ya uwanja, nikazipanga juu ya meza yake. Akaniuliza, "Ratili ngapi, dada?" Nikafungua mdomo kusema arobaini na tano. Fremu zilikuwa zimelala pale, unaona meza kupitia ndani yake. Nikamwambia samahani, nimesahau kitu. Nikazichukua tena.

Nikaenda kwa Pak Hutagaol, nikavua bandeji mbele yake. Alitazama kifundo, kilikuwa kimevimba kama kiazi. Akapiga kelele mpaka wapishi wakatoka jikoni. "Miezi minne! Miezi minne unanichezea mimi kwa mkono mmoja, na mimi nikaandika kwenye ripoti kwamba unakata mpira kwa ustadi!" Kisha akakaa. "Umefika fainali Surabaya ukiwa hivi?" Nikasema ndiyo. Akanyoosha kidole mlangoni: "Toka. Nenda kwenu. Nafasi yako imekwenda, usinitazame hivyo. Na usiguse raketi mpaka nikuandikie."

Kwa hiyo nafasi imekwenda, Ibu. Nilifikiri nitakufa. Badala yake usiku huo nililala, mara ya kwanza tangu msimu wa mvua.

Yulce amenikumbatia akalia, kisha akaniambia nimekimbia kwa kumwogopa.

Nakuja na basi la Jumapili. Mwambie Mbah nimesimama. Zamu yake.

Mwanao,
Wening


Bangkok, 23 Februari 1997

Ibu, Mbah,

Habari ni hizi: kifundo kinauma asubuhi kabla hakijapata moto, tumbo limekataa chakula siku mbili, na nimewakumbuka vibaya sana. Sasa hayo ya kweli yameshasemwa, niwape mengine.

Nimefuzu kuingia michuano ya kulipwa! Mechi tatu, siku tatu. Ya tatu ilikuwa na Mjapani mrefu asiyechoka. Seti ya mwisho, tano kwa tano, uzi ulinikatikia katikati ya pigo, nikachukua raketi ya pili iliyotoka mikononi mwa Ibu, ikawa kama sikubadilisha kitu. Sasa jina langu litaandikwa kwenye orodha ya wachezaji wa dunia nzima. Mahali penyewe ni chini kabisa, inabidi ufunue kurasa nyingi hadi ulikute. Pak Hutagaol amesema, "Usijione. Kuna watu mia nane juu yako, na wote wamekula vizuri." Lakini alikuwa anafuta miwani, na hakuna vumbi huku. Na kufikiri kwamba mwezi wa kumi nilidhani barua yake ya kuniita ni mzaha!

Yulce ametolewa mechi ya pili. Nimemuuliza asubuhi kama ameamka salama. Kanirushia kiatu.

Raketi mbili zinakuja. Ratili hamsini na nne.

Wening


Pedan, 8 Machi 1997

Nduk Wening,

Ona herufi zangu, zimekuwa ndogo tena. Yulce hatakuwa na la kusema.

Jicho la kushoto linaona hadi mnazi wa jirani yetu Bu Karti. La kulia dakta wa Yogyakarta amesema tusilidai sana. Ngazi za nyumba nazipanda nikipapasa, na juzi nimemwaga chai juu ya paka. Hizo ndizo habari, sijapunguza.

Gunia lilifika leo asubuhi. Mama yako alitaka kuanza kufunga palepale, nikamwambia angoje kwanza. Nikaichukua raketi nikaipeleka barazani, kwenye jua. Vijishimo viko katikati, mahali penye ukubwa wa yai la bata. Hilo nililitazama haraka, maana silo nililolifuata. Nikageuza mpini.

Sehemu ya chini ni nyeusi. Na juu yake pia ni nyeusi, imekauka, ina alama za vidole vinne na mahali pa dole gumba. Nilipuliza. Hakuna kilichoruka.

Nimeiona mwenyewe, Nduk, kwa jicho langu. Mama yako ameniuliza mbona nimekaa juani na uchafu mkononi. Nimemwambia aje autazame. Ameacha kitanda na sare za watu, amekuja, tumekaa wote wawili barazani tukiutazama.

Babu yako,
Pratikno